Dondoo muhimu: Kujaza upya risasi za rivolva

Nchini Marekani, ambako wapiga shabaha wengi hujijazia risasi nyumbani, kosa la kuogopwa zaidi ni kumimina baruti mara mbili katika ganda moja. Ganda la risasi ya rivolva ya .38 Special, lililorithiwa kutoka zama za baruti nyeusi, lina nafasi kubwa mno kwa baruti ya kisasa: hata kipimo maradufu huingia bila kumwagika, na rivolva inaweza kupasuka. Kwa hiyo maganda hupangwa wima kwenye kibao chenye matundu, kisha humulikwa moja moja kwa tochi kabla ya kufungwa. Kipimo hutoka katika kitabu cha mtengenezaji wa baruti, si kwa rafiki. Miwani ya kinga huvaliwa muda wote. Wakati wa kufyatua, mlio ukiwa hafifu, ufyatuaji husimamishwa papo hapo. Huenda kichwa cha risasi kimekwama mtutuni.