KUUZA NYUMBA UPESI PASIPO KUITUPA

Ndugu zetu wasomaji, wako katika watu wetu wa Mwambao waliojenga au kununua nyumba bara, katika miji ya Ruiru na Thika, ili wawe karibu na wana wao wafanyao kazi Nairobi. Leo baadhi yao wataka kurudi kwao, wengine wataka kugawa urithi, na wengine wana deni lililofika wakati wake. Kila mmoja ataka kuuza, tena upesi. Lakini nyumba hukaa mwaka mzima na mnunuzi hajatokea. Hapo ndipo hofu iingiapo, na mwenye hofu huitupa kwa hasara mali aliyoikusanya umri wake wote. Basi somo letu la leo ni hili: afanyeje mwenye kutaka kuuza upesi, naye asijidhulumu wala asimdhulumu mwenziwe?

Yapasa kwanza tuijue hali ya soko lenyewe. Zamani Thika ilijulikana kwa katani, kahawa na mananasi, na Ruiru ilizungukwa na mashamba ya kahawa. Hata ile mbegu mashuhuri iitwayo Ruiru 11 ilichukua jina la mji huo. Ilipofunguliwa barabara kuu mpya ya Nairobi na Thika, mwezi wa Novemba 2012, mashamba yalikatwa viwanja na majumba yakaota kama uyoga. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, mji wa Ruiru ulikuwa na watu 490,120, na Thika 251,407. Mtu aweza kudhani kwamba penye watu wengi namna hii nyumba haikosi mnunuzi. Sivyo, kwani penye watu wengi pana wajenzi wengi vilevile. Mnunuzi afikapo Ruiru huziona nyumba mpya za makampuni, na za Tatu City, na viwanja vitupu ambavyo aweza kujijengea polepole. Na juu ya hayo serikali nayo yajenga nyumba za bei nafuu chini ya sheria ya mwaka 2024. Tena mikopo ilipanda sana: Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya iliifikisha riba yake kwenye asilimia 13, na ijapokuwa ilianza kuishusha mwezi wa Agosti mwaka ule ule, wengi walikuwa wamekwisha kuahirisha kununua. Katika soko kama hili mnunuzi hana haraka. Mwenye haraka ni muuzaji. Na katika biashara, asiye na haraka ndiye mwenye nguvu.

Muuzaji, basi, ana silaha gani? Twaona anazo nne.

Ya kwanza ni hati. Wengi huanza kwa kupaka rangi ukuta. Sisi twasema na aanze kwa kufungua sanduku la karatasi zake. Katika sehemu zile mashamba mengi yalinunuliwa na makampuni ya wananchi baada ya uhuru, na kila mwanachama akapewa cheti cha hisa. Cheti cha hisa si hati ya milki, na aliyenacho hicho peke yake asitaraji kuuza upesi. Mwenye hati naye atazame: Je, kodi ya kaunti imelipwa? Ikiwa ardhi bado ni ya kilimo, idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi yatakiwa. Ikiwa ni nyumba ya mume na mke, ridhaa ya mwenzi yatakiwa. Wakiwa ni washirika wenye mafungu, hapana awezaye kumwuzia mgeni fungu lake pasipo idhini ya wenziwe kwa maandishi. Na wanavyuoni wetu tangu kale walimpa mshirika haki ya shufaa, yaani atangulizwe kabla ya mgeni. Ama nyumba ya marehemu, haiuziki mpaka mirathi ithibitishwe mahakamani. Mambo haya huchukua miezi. Mnunuzi mwenye fedha mkononi hangoji miezi. Huvuka njia akanunua nyumba ya pili.

Silaha ya pili ni bei ya haki tangu siku ya kwanza. Bei isichukuliwe kwa jirani, kwani jirani husema alichoomba, hasemi alichopewa. Na aitwe mthamini aliyesajiliwa. Tupige mfano. Mtu amepewa shilingi 8,000,000, naye akakataa kwa kuwa ataka 8,500,000. Na juu ya nyumba hiyo ana deni la benki la 4,000,000 kwa riba ya asilimia 14. Akingoja mwaka mmoja, riba peke yake ni shilingi 560,000. Hata akiipata bei aitakayo, amekwisha kupoteza zaidi ya alichokingoja. Na riba yenyewe, kila Mwislamu aijua hukumu yake. Asiye na deni naye ana bawabu wa kumlipa, na kodi, na nyumba tupu yazidi kuchakaa.

Kodi za kuuza pia zihesabiwe mapema. Tangu Januari 1, 2023, kodi ya faida ya mauzo imepanda kutoka asilimia 5 hadi 15. Mwenye faida ya 2,000,000 atalipa 300,000. Lakini aliyekaa mwenyewe katika nyumba ile miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza amesamehewa. Mnunuzi naye hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 mijini. Nyumba ya 8,000,000 humfikia kwa 8,320,000. Ajuaye haya hashangai mnunuzi akibembeleza bei.

Silaha ya tatu ni kusema kweli. Upande wa mashariki wa barabara, sehemu nyingi zina udongo mweusi, unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka, na nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi mzuri hufanya nyufa. Iko mitaa isiyofikiwa na bomba la maji machafu, na mingine maji ya mfereji huja kwa zamu. Katika sheria yetu, mwenye kuficha aibu ya kitu amemdanganya mwenziwe, na mnunuzi ana hiari ya kukirudisha. Hata mtu akiiacha dini kando, faida iko upande wa kweli: mnunuzi ataleta fundi wake, na fundi akiuona ufa uliofichwa kwa rangi, mnunuzi atatilia shaka hati, mipaka, na kila neno aliloambiwa. Aambiwe kwanza, bei ipunguzwe kwa kadiri ya ule ufa, na mazungumzo yaendelee. Kuleta watu wajifanye wanunuzi ili bei ipande ndiko wanavyuoni wakuitako najshi, nayo ni haramu.

Ya nne ni kuchagua dalali na kujilinda. Achaguliwe mmoja aliyesajiliwa na bodi ya madalali wa nyumba na ardhi. Nyumba ikiwa mikononi mwa madalali watano hutangazwa kwa bei tano, na mnunuzi hungoja iliyo chini kabisa. Hati ya asili asipewe dalali wala mnunuzi, hata akiapa. Ipite kwa mawakili, kwa ahadi ya maandishi. Mapatano ya ardhi ni lazima yaandikwe, yatiwe sahihi na yashuhudiwe. Mazoea ni kutoa arubuni ya asilimia 10, na mengine kukamilishwa katika siku 90. Basi ajuaye kwamba ada za shule zataka kulipwa Januari asianze kuuza Disemba.

Wazee wetu walisema kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Leo, ndugu zetu, nyumba nzuri yenye hati mbovu yajitembeza, na nyumba ya wastani yenye hati safi, bei ya haki na mwenyewe mkweli yajiuza. Kwa hiyo mwenye nia ya kuuza mwaka ujao, na alifungue sanduku lake mwaka huu, angali hana haja. Haja ikishamfika, bei huwa si yake tena, ni ya mwenye kununua.