Kuchagua Waigizaji: Somo Nililolipata Gatsata



Kila mwaka shule zetu hufanya michezo ya kuigiza, na kila mwaka ugomvi huwa ni ule ule: nani awe mfalme, nani awe mchawi, nani awe mwizi. Aghalabu kazi hiyo huchukua dakika tano tu. Mvulana mrefu hufanywa mfalme, mfupi mwenye macho mekundu hufanywa mwizi, na mambo yamekwisha. Mimi nasema kwamba dakika tano hizo ndizo ziharibuzo mchezo wote, na pengine huharibu zaidi ya mchezo. Katika makala haya nataka kueleza sababu zangu, na kuonyesha njia iliyo bora. Njia hiyo sikuipata kitabuni. Niliipata Gatsata, juu ya meza ya gereji.

Wengi mwaijua Gatsata. Ni tarafa ya Wilaya ya Gasabo katika mji wa Kigali, karibu na kituo cha mabasi cha Nyabugogo, kando ya njia kuu iendayo Gicumbi na mpakani Gatuna. Sifa yake ni magari. Kwa miaka mingi mafundi wamekuwa wakitengeneza na kuuza vipuri pale, na kwa kuwa vipuri na madereva hutoka Mombasa, Dar es Salaam na Kampala, Kiswahili kilikuwa kikizungumzwa katika magereji yale muda mrefu kabla hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017.

Pale tulikuwa vijana watano tuliozoea kukutana jioni. Mmoja wetu aliletewa na mjomba wake, akaaye Ubelgiji, sanduku la mchezo uitwao Warhammer 40,000. Mchezo huu ulitolewa mwaka 1987 na kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, na mtungaji wake mkuu alikuwa Rick Priestley. Haufanani na igisoro wala bao, kwa maana hauna vishimo wala kete. Wachezaji hupanga mezani majeshi ya askari wadogo wa plastiki, hupima mwendo wao kwa utepe, kisha hutupa dadu kujua nani amepigwa na nani amesalimika. Askari hao huja vipande vipande, bila rangi, na mwenyewe huwaunganisha kwa gundi na kuwapaka rangi kwa brashi nyembamba. Sisi tulikuwa na wachache wa kweli. Wengine tuliwaunda kwa nati na buji zilizokufa.

Mchezo una hadithi ndefu. Wakati wake ni milenia ya 41, na wanadamu wametawanyika kati ya nyota. Mfalme wao Mkuu amekaa juu ya kiti cha dhahabu kwa miaka zaidi ya 10,000, hafi wala haishi. Aliyemfikisha hapo ni mwanawe mwenyewe, jina lake Horus, ambaye alimwasi. Tafadhali likumbuke jina hilo, maana ndilo lililotufundisha.

Mwezi wa Desemba 2022 ilitangazwa kwamba hadithi hiyo inakusudiwa kutengenezewa senema na kampuni ya Amazon, na kwamba Henry Cavill, mwigizaji wa Uingereza aliyekuwa Superman mwaka 2013, yumo katika kazi hiyo. Watu walifurahi, kwa sababu bwana huyo ni mpenzi wa mchezo wenyewe, naye huwapaka rangi askari wake kwa mkono wake. Mapatano ya kampuni hizo mbili yalikamilishwa Desemba 2024. Basi wapenzi wa mchezo duniani kote wakaanza kugawa kazi wao wenyewe: fulani afaa kuwa Mfalme, fulani afaa kuwa Horus. Nasi wa Gatsata hatukubaki nyuma. Tuliandika majina juu ya karatasi ngumu ya sanduku la vipuri, tukabishana mpaka usiku.

Tulipochoka na waigizaji wa mbali, tukaamua kuigiza wenyewe kipande cha uasi wa Horus mbele ya mafundi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda. Hapo ndipo tulipokosea.

Tulisema kwamba Mfalme awe mrefu, mwembamba, mwenye pua iliyochongoka. Na Horus msaliti apewe yule mwenzetu mfupi, mwenye pua pana. Tulisema hayo kwa kicheko. Mwenzetu naye alicheka, lakini kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Mzee mmoja, fundi, alikuwa amelala chini ya lori akifunga boliti, naye alisikia yote. Alitoka, akajifuta mikono, akatuuliza, "Wanangu, hiyo pua mmeipima kwa rula gani?"

Hatukujibu.

"Rula hiyo mimi naijua," akasema, akarudi chini ya lori.

Yatupasa kueleza maneno ya mzee, kwa ajili ya wasomaji walio wadogo. Wakati wa ukoloni Wazungu walipima pua, vichwa na vimo vya watu wa nchi hii, na katika miaka ya 1930 serikali ya Kibelgiji iliwapa watu vitambulisho vilivyoandikwa kila mtu ni wa kabila gani. Maandishi hayo yalibaki hata baada ya uhuru wa mwaka 1962. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walisimamishwa vizuizini wakaulizwa kitambulisho, na asiyekuwa nacho alitazamwa sura na kimo. Baada ya mauaji hayo neno la kabila liliondolewa katika vitambulisho vya Rwanda. Sisi watano tulizaliwa baadaye. Kicheko chetu kilikuwa cha watu wasiojua, lakini mzee alikuwa akijua.

Nilitafakari maneno yake kwa siku mbili, nikaona kwamba uchaguzi wetu ulikuwa mbaya mara mbili. Ulikuwa mbaya kwa sababu ulimwumiza rafiki. Tena ulikuwa mbaya kama kazi ya sanaa. Hilo la pili ndilo nitakaloliandikia kanuni, nazo ni nne.

Kanuni ya kwanza: soma matendo ya mhusika kabla ya kuwaza sura yake. Tulikuwa tumesahau jambo kubwa katika hadithi yetu. Horus hakuwa adui aliyetoka mbali. Alikuwa mwana apendwaye kuliko wote, jemadari aliyeaminiwa na baba yake na ndugu zake. Uasi wake unauma kwa sababu hiyo. Msaliti anayeonekana msaliti tangu mlangoni hawezi kumsaliti mtu yeyote, kwa kuwa hakuna atakayemwamini. Kwa hiyo aigizaye Horus hapana budi awe mtu ambaye watazamaji watampenda kwanza.

Kanuni ya pili: sikiliza sauti, na tazama mwendo. Katika senema iitwayo Us ya mwaka 2019, Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, aliigiza wanawake wawili wenye sura moja. Mmoja ni mama wa watoto, wa pili ni kivuli chake cha kutisha. Uso ni ule ule, bali sauti, shingo na hatua ni mbalimbali, na mtazamaji hawachanganyi hata mara moja. Kama uso mmoja waweza kubeba watu wawili, basi mtu hakai usoni. Na katika mchezo wetu askari wengi huvaa kofia za chuma zifunikazo uso wote. Pua itasaidia nini humo?

Kanuni ya tatu: usikatae mtu kwa alama ndogo ya nje. Mwaka 2005 Daniel Craig alipotangazwa kuwa James Bond, wapenzi wengi wa Bond walilalamika kwamba nywele zake ni za manjano, nao walimzoea Bond mwenye nywele nyeusi. Senema yake ya kwanza, Casino Royale, ilitoka mwaka 2006, ikasifiwa sana, naye akaendelea na kazi hiyo mpaka mwaka 2021. Nywele zake hazikubadilika. Watu ndio waliobadilika, baada ya kumwona akifanya kazi.

Kanuni ya nne: usitafute jina kubwa tu, tafuta aliyeyaishi mambo yale. Mfano mzuri ni Queen of Katwe ya mwaka 2016, nayo pia ni habari ya mchezo wa mezani, yaani sataranji. Yasimulia habari za kweli za Phiona Mutesi, msichana wa Kampala. Mwongozaji wake, Mira Nair, aliwachukua watu wenye majina, kama Lupita Nyong'o na David Oyelowo, lakini nafasi ya Phiona mwenyewe alimpa Madina Nalwanga, msichana wa Kampala ambaye hakuwa mwigizaji wa senema hata kidogo. Na hapa Rwanda ilipigwa Neptune Frost, iliyotolewa mwaka 2021, kazi ya Saul Williams na Anisia Uzeyman. Ni hadithi ya mambo ya ajabu ya kesho, na waigizaji wake ni watu wa Rwanda na Burundi. Mhusika mmoja, Neptune, aliigizwa na watu wawili, Elvis Ngabo na Cheryl Isheja, mmoja baada ya mwingine. Basi asitokee mtu wa kutuambia kwamba safari za nyota si zetu.

Huenda msomaji atauliza, "Je, sura haina maana kabisa?" Ina maana, pale hadithi yenyewe inapoidai. Msichana wa miaka kumi asiigizwe na bibi kizee. Lakini hadithi ndiyo idaiyo, si mazoea yetu. Kila unapotaka kusema, "Huyu hafanani," jiulize kwanza, "Hafanani na nini? Na maneno yaliyoandikwa, au na picha iliyomo kichwani mwangu? Na picha hiyo niliipata wapi?"

Sasa nirudi Gatsata. Tulikwenda nyumbani kwa mwenzetu tukamwomba radhi. Hakusema mengi, ila alikubali kuja kujaribu. Jumapili tulitundika shuka katika mlango wa gereji. Kila mmoja wetu alisimama nyuma yake akasoma maneno yale yale, huku mafundi wamekaa upande wa pili bila kujua ni nani asomaye. Waliambiwa hivi: "Wekeni nati katika mkebe wa yule ambaye, akikuambia mfuate vitani, utamfuata." Tulipohesabu, mkebe wa tatu ulikuwa na nati nyingi kuliko mingine yote pamoja. Msomaji wa tatu alikuwa yeye.

Kwa hiyo, kwa kanuni ya kwanza, Horus alikuwa yeye. Kazi ilikuwa ile ile tuliyompa kwa dharau. Tuliona haya kumwambia. Yeye akauliza, "Mbona ni mimi tena?"

Nikamjibu, "Kwa sababu wewe ukisema, watu wanakuamini. Tena safari hii waweza kukataa."

Akafikiri kidogo, akaichukua karatasi.

Siku ya mchezo, alipoinua mkono juu ya baba yake, mafundi waliokuwa wakinywa chai waliacha vikombe hewani. Yule mzee alikuwa amekaa mbele. Hakupiga makofi mpaka wengine walipokwisha, kisha alipiga peke yake kwa muda mrefu.

Nawaachia zoezi dogo. Mtakapotayarisha mchezo wa mwaka huu, kwanza kila mtu aandike matendo matano ya kila mhusika, bila neno lolote la kuonyesha kimo, rangi au sura. Pili, someni nyuma ya pazia. Tatu, mpeni mhusika mwovu mtu mnayempenda, naye mwelezeni kwa nini mmemchagua. Nne, kila mtu awe na haki ya kusema, "La, sitaki." Kazi hiyo itachukua siku mbili badala ya dakika tano. Nawahakikishia kwamba siku hizo hazipotei.