SOMO: MIZANI YA KAHAWA NA AMANI

Miaka ya vita wakulima wengi wa kando ya ziwa Kivu walivusha kahawa usiku kwa mitumbwi hadi Rwanda, wengine walizama. Mwaka 2003 ushirika wa SOPACDI ulianzishwa Minova, ukaunganisha wakulima wa makabila mbalimbali.

Tunajifunza nini? Tuchume buni nyekundu tu, tuzimenye siku hiyohiyo, tuziloweke zichachuke, tuzioshe, tuzianike kwenye vichanja. Maji machafu yasimwagwe ziwani. Ubora huleta bei. Bei bila haki huleta ugomvi. Kwa hiyo mizani isomwe mbele ya wote, na mama alipwe kwa jina lake. Aliyekimbia akirudi, arudishiwe mibuni yake.

Tujadiliane: kwetu, nani anashika mizani?