Kuku wa Nyama wa Nyumbani: Kuchinja na Kuhifadhi kwa Usalama

Familia nyingi zilizohamia Marekani kutoka mashambani mwa Afrika Mashariki na Kongo zimerudia kufuga kuku nyuma ya nyumba. Kabla ya kununua vifaranga, ni vyema kuuliza katika ofisi ya mji, kwani ipo miji inayoruhusu ufugaji lakini inakataza kuchinja.

Kuku wa nyama wa kisasa huwa tayari kuchinjwa akiwa na wiki 6 hadi 8. Hata aliye na afya njema aweza kubeba bakteria wa salmonela. Hivyo watoto wa chini ya miaka 5 wasiwashike kuku wala vifaranga, na kila awashikaye anawe mikono kwa sabuni.

Chakula huondolewa bandani kwa muda wa saa 8 hadi 12 kabla ya kuchinja, maji yakiachwa, ili matumbo yawe matupu yasije yakapasuka na kuichafua nyama. Baada ya kunyonyolewa na kutolewa matumbo, kuku husuuzwa kwa maji ya kunywa na kutiwa katika barafu papo hapo, ili katika muda wa saa 4 nyama ifikie nyuzi 40 za Farenhaiti (4 za Selsiasi). Hulazwa kwenye jokofu siku nzima kabla ya kugandishwa. Asipolazwa, nyama huwa ngumu. Kwenye friza ya nyuzi 0 za Farenhaiti, kuku mzima hudumisha ladha yake hadi mwaka 1, na vipande miezi 9.

Wengi wamelelewa kumwosha kuku kwa limau kabla ya kumpika. Nia ni usafi, lakini matone yarukayo hueneza vijidudu kwenye sinki na vyombo, na limau haliui salmonela. Limau libaki kuwa kiungo. Kinachoua ni moto: nyuzi 165 za Farenhaiti (74 za Selsiasi) katikati ya mnofu mnene, zilizopimwa kwa kipimajoto.

Hatari kubwa zaidi imo katika kuhifadhi nyama kwenye mitungi ya kioo. Mbegu za bakteria wa botulinamu hustahimili maji yanayochemka, hata kwa saa nyingi, kisha huzalisha sumu ndani ya mtungi uliofungwa. Kuifunika nyama kwa mafuta na kuiacha kabatini huleta hatari iyo hiyo. Chombo kifaacho ni chungu kikubwa cha shinikizo kilichotengenezwa kwa kuhifadhia vyakula, si sufuria ya presha ya kupikia maharage. Kwa nyama isiyo na mifupa, mitungi ya painti hukaa dakika 75, na ya kwati dakika 90, kwa shinikizo la ratili 10 chini ya futi 1,000 kutoka usawa wa bahari. Juu ya hapo shinikizo huongezwa.

Sumu hiyo yaweza kukosa harufu na ladha. Mtu akianza kuona vitu viwiliviwili, kope zikalegea, ulimi ukawa mzito au akashindwa kumeza, simu ipigwe 911 mara moja. Mtungi uliotiliwa shaka usionjwe kamwe.