Kilwa ya 1505 Kwenye Kompyuta: Maswali Kuhusu Watu na Mataifa ya Magemu ya Mikakati

Magemu ya mikakati, yale ambayo mchezaji hujenga mji, hukusanya mali, huandaa jeshi na kupambana na falme jirani, yana wapenzi wengi miongoni mwa vijana wetu. Mengi hutumia majina ya watu waliopata kuishi na dola zilizopata kuwapo. Wanafunzi huyataja darasani, na wazazi huuliza kama humo mna elimu au porojo. Maelezo haya yanajibu maswali hayo. Yatakaa zaidi kwenye gemu moja, Age of Empires II, kwa sababu ndani yake yumo mtu aliyeingia Kilwa na Mombasa kwa mizinga, na mchezaji hukabidhiwa kazi ya kumsaidia ashinde.

Je, watu wa kwenye magemu haya waliishi kweli?

Wengi waliishi. Age of Empires II ilitoka mwaka 1999. Nyongeza yake iitwayo The African Kingdoms ilifuata 2015, ikaleta Waberberi, Wahabeshi, Wamali na Wareno, na kila taifa likapewa kampeni yenye mhusika wake mkuu. Tariq ibn Ziyad, aliyevuka bahari kutoka Afrika Kaskazini na kuingia Hispania mwaka 711, ni mtu wa historia. Sundjata, mwanzilishi wa dola la Mali katika karne ya 13, naye aliishi, ingawa habari zake nyingi zimetufikia kwa vinywa vya manju waliorithishana utenzi wake. Yodit wa Ethiopia yuko mbali zaidi na ushahidi: yapo maandishi ya Kiarabu yanayomtaja malkia aliyeitikisa nchi hiyo katika karne ya 10, lakini jina lake na visa vyake ni vya mapokeo.

Gemu huwaweka wote hawa kwenye orodha moja, kwa picha za ukubwa mmoja na sauti ya msimulizi yenye uhakika uleule. Mchezaji hana namna ya kujua kwamba huyu ameandikwa na watu wa zama zake, na yule amejengwa kwa masimulizi ya karne nyingi baada ya kufa kwake.

Francisco de Almeida ni nani, na anatuhusu nini?

Ndiye mhusika mkuu wa kampeni ya Wareno, yenye sehemu tano zinazomfuata tangu Ulaya hadi Bahari ya Hindi. Katika historia alikuwa mtu wa ukoo mkubwa aliyepigana vita vya Granada, kisha Mfalme Manuel I akamteua kuwa makamu wake wa kwanza katika India. Aliondoka Lisbon Machi 1505 akiwa na zaidi ya merikebu 20. Kabla ya kufika India alikuwa na kazi katika pwani yetu.

Chanzo chake ni miaka mitatu nyuma. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na kumlazimisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, akubali kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu iliyochukuliwa wakati ule ilipelekwa Lisbon, na mfalme akaagiza itengenezewe chombo cha ibada ya Kikatoliki, kilichokamilika 1506. Chombo hicho, kinachoitwa Custódia de Belém, kipo mpaka leo katika jumba la makumbusho ya sanaa za kale mjini Lisbon, kimenakshiwa kwa sanamu ndogondogo za mitume waliopiga magoti. Mwenye kutaka kuona dhahabu ya Kilwa kwa macho yake, sehemu yake iko pale, nyuma ya kioo.

Almeida alipofika Kilwa Julai 1505 alidai kodi iliyobaki na utiifu. Ibrahim hakwenda kuonana naye. Wareno wakateremka, mji ukaingiwa na kuporwa, Ibrahim akakimbia. Wakajenga ngome, wakaiita Santiago. Mwezi uliofuata walikuwa Mombasa. Huko watu walipigana nyumba kwa nyumba, na mji ukachomwa moto. Mjerumani aitwaye Hans Mayr, aliyekuwamo katika safari ile, ameacha maelezo ya miji yote miwili, na pamoja nayo imehifadhiwa barua ambayo mfalme wa Mombasa alimwandikia mwenzake wa Malindi kumweleza maangamizi yaliyowapata. Ni andiko fupi la mtu aliyerudi mjini kwake akakuta maiti. Mwalimu wa historia akiwasomea wanafunzi barua hiyo, wataielewa kampeni ya Almeida kwa namna nyingine kabisa.

Yeye mwenyewe hakuirudia Lisbon. Mwanawe Lourenço aliuawa Chaul, huko India, mwaka 1508. Baba akalipiza kisasi kwa kuzishinda meli za Wamamluki wa Misri na washirika wao huko Diu, Februari 1509. Machi 1510, akiwa njiani kurudi kwao, aliuawa pamoja na Wareno zaidi ya 50 katika mapambano na Wakhoikhoi, karibu na mahali ambapo leo ni Cape Town. Watu waliomshinda walikuwa wafugaji.

Kilwa ilikuwa upande mmoja, kama gemu linavyoonesha?

Hapana, na hapa ndipo magemu haya yanapopungukiwa zaidi. Katika Age of Empires II kila upande una rangi yake: bluu, nyekundu, kijani. Rangi moja ni adui mmoja, hazina moja na nia moja. Kilwa ya 1505 ilikuwa na mivutano yake kabla merikebu hazijaonekana. Ibrahim hakuwa sultani wa ukoo uliotambuliwa. Alikuwa amiri aliyejitwalia madaraka, na wapo waliomwona mporaji. Wareno walipomfukuza walimweka Muhammad Ankoni, mtu mashuhuri wa mjini aliyekuwa amewaelekea tangu awali. Waandishi wa Kireno wanasimulia kwamba taji alilovishwa lilikuwa limebebwa kwa ajili ya mfalme wa Cochin, huko India. Muda si mrefu Ankoni akauawa, na mji ukazama katika ugomvi wa warithi.

Na si Kilwa peke yake. Malindi ilikuwa na uhasama wa muda mrefu na Mombasa, na ilimkaribisha Vasco da Gama mwaka 1498 ikitafuta mshirika. Ukitaka kuwachora watu wa pwani kwa rangi moja dhidi ya Wareno, utakwama mara moja: Malindi utaiweka wapi? Na Ankoni je?

Kwa nini gemu linamfanya Almeida shujaa?

Kampeni humfuata mhusika wake, na mchezaji hulazimika kumlinda ili aendelee. Watengenezaji hawakuandika popote kwamba Kilwa ilistahili kuporwa. Hoja iko ndani ya kanuni za mchezo, na kanuni humwingia mchezaji kuliko maneno ya msimulizi, kwa sababu huzitenda kwa mkono wake mwenyewe kwa saa nyingi.

Chukua mfano wa ramani. Unapoanza, ramani yote ni nyeusi, nayo hufunguka pale tu watu wako wanapokanyaga. Ukicheza kama Mreno, pwani ya Afrika Mashariki huonekana kama nchi isiyojulikana, inayosubiri kugunduliwa. Lakini mwaka 1498 bahari ile ilikuwa na wenyewe. Manahodha wa pwani, Waarabu na Wagujarati walijua kaskazi huanza lini na kusi hurudisha vyombo lini, walipima safari kwa nyota, na waliandika vitabu vya uanamaji. Da Gama hakuivuka bahari mpaka India bila rubani aliyepewa Malindi. Wengi husema rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, nahodha mkubwa wa Oman, lakini watafiti wengi wa sasa hawakubali. Ushahidi wa wakati ule unaelekea zaidi kwa mtu wa Gujarat. Kwa vyovyote, giza la ramani lilikuwa la Wareno peke yao.

Mfano wa pili ni jengo ambalo Wareno peke yao wanaweza kulijenga katika gemu hilo, Feitoria. Ukishalisimamisha, linakuletea chakula, mbao, dhahabu na mawe polepole, bila mtu kwenda shambani wala machimboni. Kwa mchezaji ni raha. Kwa historia ni upotoshaji mzito, kwa sababu dhahabu iliyowavuta Wareno ilichimbwa na watu wa nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa na wafanyabiashara mpaka bandari ya Sofala, na Kilwa ilitajirika kwa kuisimamia na kuitoza ushuru biashara hiyo. Katika magofu ya Great Zimbabwe imepatikana sarafu ya al-Hasan ibn Sulaiman, sultani wa Kilwa wa mwanzoni mwa karne ya 14. Mlolongo wote huo wa jasho, misafara na mapatano gemu limeufanya jengo moja linalotoa mali lenyewe.

Halafu kuna ushindi. Adui akiisha, neno la ushindi hutokea na sehemu hiyo huishia hapo. Lakini katika historia, ngome ya Kilwa waliiacha Wareno wenyewe mwaka 1512, baada ya miaka saba tu. Wafanyabiashara walikuwa wamehamia njia nyingine, na dhahabu iliyotarajiwa haikupita tena pale.

Magemu mengine yanatuoneshaje?

Mfululizo wa Civilization, ulioanza 1991, unatujua kwa vipande. Katika toleo la sita Zanzibar ni mji wa biashara unaompa mshirika wake mdalasini na karafuu, na Kilwa Kisiwani ni ajabu ya dunia inayoweza kujengwa na taifa lolote lenye ufukwe, iwe Japani au Roma. Wimbo wa kufungulia toleo la nne, Baba Yetu wa Christopher Tin, ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 ulikuwa muziki wa kwanza wa gemu kupata tuzo ya Grammy. Lakini mpaka toleo hilo la sita Waswahili hawakuwekwa kuwa taifa la kuchezwa. Gemu hilo linadai kiongozi mmoja na mji mkuu mmoja, na pwani yetu ilikuwa miji mingi yenye lugha, dini na biashara ya pamoja bila mfalme wa pamoja. Europa Universalis IV, la mwaka 2013, limetutendea vizuri zaidi: linaanzia Novemba 1444, na mchezaji anaweza kuichagua Kilwa na kuwasubiri Wareno akiwa amejiandaa. Hicho ni kisa cha kubuni, lakini humlazimisha kijana kuitazama bahari akiwa amesimama Kilwa, na mimi naliona hilo kuwa jambo la maana.

Mbona viongozi wengine wanatawala mataifa yasiyo yao?

Kwa sababu gemu linatafuta sura inayovutia kwanza. Malkia Nzinga Mbande, aliyefariki 1663, aliongezwa kwenye Civilization VI mwaka 2022 akiwa kiongozi wa Kongo. Nzinga alitawala Ndongo na Matamba, katika Angola ya leo. Kongo ilikuwa dola jirani yenye wafalme wake, mara mshirika, mara si mshirika. Msomaji wa Kinshasa au Luanda ataliona kosa hilo mara moja. Wa Ulaya huenda asilione kabisa. Toleo la saba, la 2025, limefungua mlango zaidi kwa kumfanya Ibn Battuta kiongozi. Yeye alikuwa msafiri na kadhi, aliyefika Kilwa 1331 na kumsifu sultani wake kwa ukarimu, na hakutawala nchi yoyote. Toleo hilohilo limeiingiza Buganda pamoja na Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kubwa ya makaburi ya makabaka huko Kasubi iliyoungua Machi 2010 na kujengwa upya.

 

Wenye historia yao wana sauti?

Wamekuwa nayo walipoidai. Watengenezaji wa Civilization V walitaka kumtumia Po'pay, aliyeongoza uasi wa Wapueblo dhidi ya Wahispania mwaka 1680. Viongozi wa Wapueblo walikataa, naye akaondolewa kabla ya nyongeza ya 2013 kutoka. Mwaka 2018 jamii ya Wakrii wa Kanada ilimkuta mkuu wao wa karne ya 19, Poundmaker, ndani ya toleo la sita. Kiongozi wao alilalamika hadharani kwamba gemu la kuteka ardhi linawavisha watu wake tamaa ya wakoloni. Malalamiko ya namna hiyo hayana sababu ya kutotoka Kilwa au Mombasa.

Mwalimu au mzazi afanye nini?

Asilipige gemu marufuku kwa sababu ya makosa haya. Mtoto aliyemaliza kampeni ya Almeida tayari ana maswali ambayo kitabu cha darasani hakikumpa. Mpeni maandishi ya pande zote mbili: tarihi ya Kilwa ya Kiarabu, iliyoandikwa karne ya 16, na maelezo ya Hans Mayr. Yote yamo katika mkusanyo wa nyaraka za pwani uliohaririwa na Freeman-Grenville na kuchapishwa 1962. Walio karibu na Lindi wanaweza kuvuka kwa boti kutoka Kilwa Masoko na kulitazama Gereza. Jengo hilo kwa sehemu kubwa ni la enzi za Waomani, lakini limesimama mahali ilipokuwa ngome ya Santiago.

Age of Empires II ina pia sehemu ya kumwezesha mchezaji kutengeneza ramani na visa vyake mwenyewe. Wapeni wanafunzi kazi ya kuijenga Kilwa ya Julai 1505 kutoka upande wa kisiwa: msikiti mkuu, bandari, merikebu zikitokea baharini. Watalazimika kuamua Ibrahim awe na askari wangapi, wafanyabiashara wa Sofala wawe upande gani, na watu wa Ankoni wapewe rangi ipi.