Maji ya Ruiru Si Maji ya Thika: Kuchanganya Mbolea ya Haidroponiki na Kutuliza pH

Gramu zile zile za mbolea, zikipimwa kwa mizani ile ile, hutulia zikitiwa katika maji ya mfereji wa Thika. Zitie katika maji ya kisima kirefu cha Ruiru uone: pH inapanda usiku kucha, na baada ya muda majani machanga ya letasi yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Nayajua yote mawili kwa sababu mimi nalima letasi na dhania Ngoingwa, Thika, na dada yangu analima mimea hiyo hiyo Kihunguro, Ruiru, kwenye ploti ya hamsini kwa mia ambayo nyumba imekula nusu yake. Kati yetu ni mwendo wa matatu tu. Siku moja alinipigia simu: "Kaka, mbona nafuata vipimo vyako na mboga inakataa?"

Vipimo havikuwa na kasoro. Maji ndiyo yaliyokuwa tofauti, na hilo ndilo ninalotaka mkulima yeyote wa haidroponiki kati ya Ruiru na Thika alielewe kabla hajanunua hata kilo moja ya mbolea.

Maji ya mfereji wa Thika yanatoka mito ya Chania na Thika, inayoteremka kutoka milima ya Nyandarua. Ni maji ya mvua yaliyopita juu ya ardhi, hayakukaa chini muda mrefu, kwa hiyo yamebeba madini machache. Maji ya visima virefu vya Ruiru, sawa na visima vingi vya Nairobi na Kiambu, yamekaa ndani ya miamba ya volkeno na kuchota humo sodiamu na bikaboneti, na mara nyingi floridi pia, ile inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Hiyo bikaboneti ni jamaa wa karibu sana wa magadi tunayotia kwenye githeri ili mahindi na maharagwe yaive upesi. Mtu anayeoga kwa maji ya kisima akahisi sabuni haitoki mwilini, utelezi umebaki, ameshapata habari ya kwanza.

Sasa, wengi hununua kipimo cha pH, wakakitumbukiza katika maji, wakasoma 7.8, wakadhani wamejua tatizo. Hawajajua. Namba ya pH inakuambia maji yako wapi sasa hivi. Haikuambii yatapigana kiasi gani ukijaribu kuyahamisha. Maji ya pH 8 yenye bikaboneti kidogo hushuka kwa matone machache ya asidi. Maji ya pH 7.5 yenye bikaboneti nyingi hunywa asidi, yakashuka, kisha kesho asubuhi yakarudi juu. Swali la kuuliza ni hili: bikaboneti ni miligramu ngapi kwa lita?

Jibu unaweza kulipata kwa njia tatu. Ukiwa unatumia kisima cha mwenye nyumba, mwombe ripoti ya maji iliyotolewa kisima kilipochimbwa. Mara nyingi ipo kwenye faili fulani, na imeandikwa bikaboneti au ukali wa alkali, sodiamu, kalsiamu na floridi. Pili, peleka chupa ya maji kwenye maabara ya udongo na maji, kama za KALRO kule Kabete. Tatu, fanya jaribio la ndoo, ambalo mimi hulifanya hata nikiwa na ripoti, maana kisima hubadilika kati ya kiangazi na masika.

Jaribio lenyewe ni hivi. Chukua mililita 10 za asidi kali, uzimimine polepole katika mililita 90 za maji. Asidi iingie majini. Kamwe usimimine maji kwenye asidi, kwa sababu huchemka na kuruka usoni. Weka lita 20 za maji ya kisima kwenye ndoo. Kwa sirinji ya dawa isiyo na sindano, tia ile asidi uliyoipunguza kidogo kidogo huku ukikoroga, mpaka pH ifike 5.8, na uandike ulitumia mililita ngapi. Washa pampu ndogo ya hewa, uache ndoo mpaka kesho, kisha upime tena. pH itakuwa imepanda. Ongeza asidi mpaka irudi 5.8, uandike tena. Jumla hiyo, ukiizidisha mara 50, ndiyo ya tangi la lita 1,000 kwa asidi iliyopunguzwa. Kwa asidi kali yenyewe, igawanye kwa 10.

Usiuruke ule usiku mmoja. Asidi ikikutana na bikaboneti huigeuza kuwa kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo hubaki majini kwa muda ikiishikilia pH chini. Ikishatoka hewani, pH hupanda yenyewe. Mkulima akiona hivyo hudhani asidi yake ni mbovu, au kipimo kimeharibika, akaanza kumimina ovyo. Maji yakishatiwa asidi, yakapewa hewa usiku mzima na kusahihishwa asubuhi, hutulia. Kwa hiyo kwa dada yangu asidi hutangulia, mbolea hufuata kesho yake.

Ukiwa na namba ya maabara, hesabu ni nyepesi. Tuseme ripoti inasema miligramu 305 za bikaboneti kwa lita. Gawanya kwa 61, unapata milimoli 5 kwa lita. Unataka kubakisha 1 hivi, ili maji yasibaki bila kinga yoyote. Basi unaondoa 4. Kwa tangi la lita 1,000 hiyo ni takriban mililita 300 za asidi ya nitriki ya asilimia 60, au takriban mililita 275 za asidi ya fosforiki ya asilimia 85. Anza na robo tatu ya kiasi hicho, koroga, pima, ndipo uendelee.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wa vichupa vya kushusha pH hawakuambii. Vingi vya vichupa hivyo ni asidi ya fosforiki. Kwa maji ya Thika hakuna shida, matone machache yanatosha. Lakini ukishusha maji ya kisima kama hayo ya mfano wetu kwa fosforiki pekee, utakuwa umeingiza takriban miligramu 124 za fosforasi kwa kila lita, wakati letasi inahitaji kama 40. Fosforasi iliyozidi huanza kugombana na chuma, zinki na kalsiamu. Ndiyo maana kwa maji yenye bikaboneti nyingi mimi nashauri asidi ya nitriki, halafu nitrojeni yake ihesabiwe kama mbolea. Limau, siki na asidi ya sitriki ziache jikoni: bakteria huzila, na pH ikarudi ilikotoka. Asidi iliyotoka ndani ya betri kuukuu ina risasi, na mboga hii italiwa na watoto.

Asidi ya nitriki ni hatari, na nasema hivi kwa uzito wote. Vaa glavu na miwani ya kinga, fanyia kazi nje penye upepo, na usiihifadhi kamwe katika chupa ya soda. Mtoto hasomi lebo.

Tuje kwenye mbolea yenyewe. Natengeneza mitungi miwili ya mchanganyiko mzito, A na B, kila mmoja lita 10, mzito mara 100. Katika A naweka gramu 700 za nitrati ya kalsiamu na gramu 18 za chuma cha cheleti chenye chuma asilimia 11. Katika B naweka gramu 400 za nitrati ya potasiamu, gramu 170 za fosfeti ya monopotasiamu, gramu 400 za salfeti ya magnesiamu, yaani chumvi ya Epsom, na madini madogo kwa kipimo cha pakiti. Kila lita 100 za maji hupokea lita moja ya A na lita moja ya B. Hapo letasi inapata takriban miligramu 160 za nitrojeni kwa lita, fosforasi karibu 40, potasiamu 200, kalsiamu 130 na magnesiamu 40.

Mitungi ni miwili kwa sababu kalsiamu ikikutana na salfeti au fosfeti katika mchanganyiko mzito huganda, ikawa unga mweupe chini ya mtungi. Unga huo ni jasi na fosfeti ya kalsiamu, chakula ambacho mmea hautakiona tena. Kwenye tangi pia, tia A, koroga vizuri, ndipo utie B.

Kwa dada yangu mchanganyiko unabadilika. Asidi ya nitriki ya mfano wetu imeshaleta miligramu 56 za nitrojeni kwa lita, karibu sawasawa na zile zinazoletwa na gramu 400 za nitrati ya potasiamu. Basi nitrati hiyo inatoka, na mahali pake panaingia gramu 365 za salfeti ya potasiamu, ili potasiamu isipungue. Chuma nacho kibadilishwe. Cheleti ya EDTA, ambayo ni ya bei nafuu, huanza kuachia chuma pH ikipita 6.5, ya DTPA huvumilia mpaka 7 na zaidi kidogo. Thika natumia EDTA bila wasiwasi. Ruiru, lipa hiyo tofauti ya bei.

Kipimo cha EC, kinachopima chumvi zilizoyeyuka kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme, nacho kina mtego wake. Letasi hupenda kati ya 1.2 na 1.8, lakini maji ya kisima yanaweza kuanza na 0.5 kabla hujatia chochote, na sehemu kubwa ya hiyo 0.5 ni sodiamu isiyolisha mmea. Ukilenga 1.6 bila kuitoa, mimea itakuwa na njaa huku kipimo kikikuambia imeshiba. Isitoshe, mimea haili sodiamu, kwa hiyo maji yakizunguka wiki baada ya wiki sodiamu hurundikana. Tangi la Ruiru lazima limwagwe mapema kuliko la Thika.

Dawa ninayoipenda kuliko zote kwa Ruiru ni paa la mabati. Masika ya Machi hadi Mei na vuli za Oktoba hadi Desemba huleta maji yasiyo na bikaboneti karibu kabisa. Sehemu moja ya kisima kwa tatu za mvua huishusha ile 305 hadi kama 76, na sodiamu na floridi hupungua vivyo hivyo. Asidi inayohitajika inakuwa kidogo sana, na mchanganyiko wa Thika unarudi kutumika kama ulivyo. Maji ya mvua matupu siyapendi, kwa kuwa hayana kinga na pH yake huyumba kwa kosa dogo. Yahifadhi katika tangi la plastiki. Matangi ya simiti, ambayo nyumba nyingi za Ruiru zinayo chini ya ardhi, hutoa chokaa na kupandisha pH upya, hasa yakiwa mapya.

Baada ya hayo yote pH bado itatembea, kwa sababu mimea ni hai. Mzizi ukila nitrati huipandisha. Ukila amoniamu huishusha. Mimi huiacha itembee kati ya 5.5 na 6.5 bila kuigusa. Kuikimbiza 5.8 kila asubuhi ni kuongeza chumvi bure. Ikizidi kupanda haraka mimea inapokua kwa nguvu, napunguza kidogo fosfeti ya monopotasiamu na kuweka fosfeti ya monoamoniamu, ili sehemu ndogo ya nitrojeni, asilimia 5 hadi 10, iwe amoniamu. Ikipanda mchana na kushuka usiku, tazama kama mwani umeota: funika tangi, mwanga usiingie. Ikiporomoka ghafla, inua mimea utazame mizizi, kwani mizizi inayooza hufanya hivyo.

Pima saa ile ile kila siku. Sahihisha kipimo kwa vimiminika vya 4.01 na 7.00, na ncha yake ikae katika kimiminika cha kloridi ya potasiamu, isikae katika maji yaliyotoneshwa wala kukauka.

Maji ya tangi ukiyabadilisha, usiyaelekeze mtaroni. Mtaro wa Ruiru huishia Mto Ruiru na kwenda Athi, wa Thika huishia Tana, na nitrati hiyo itamkuta mtu anayechota chini huko. Mimi humwagilia migomba. Ya Ruiru yana sodiamu, kwa hiyo dada yangu huhamisha mahali pa kumwaga kila mara na kuacha mvua iuoshe udongo kabla hajarudi hapo.