Stesheni wagoni au hachibeki? Pima mzigo kabla ya kulipia nafasi

MNUNUZI wa gari lililotumika mara nyingi huanza na rangi, kisha injini, halafu bei. Umbo la nyuma la gari huangaliwa mwisho, ilhali kwa magari yenye mbio ndilo linaloweza kuamua kama fedha zake zitarudi siku ya kuuza. Somo hili linahusu gari moja linalouzwa kwa maumbo mawili: hachibeki, yaani gari la mkia mfupi ambalo mlango wake wa buti hufunguka pamoja na kioo, na stesheni wagoni, ambalo paa lake limenyooshwa hadi mwisho wa buti.

Mfano mzuri unapatikana katika soko la Uingereza, ambako maumbo haya mawili ya gari lenye mbio yamekuwa yakiuzwa bega kwa bega kwa miaka mingi. Magari yatakayopimwa hapa ni mawili: Volkswagen Golf R ya toleo la saba, ambayo stesheni wagoni yake ilitoka mwaka 2015, na Skoda Octavia vRS ya toleo la tatu, iliyotoka mwaka 2013. Yote yanatoka katika kundi moja la viwanda na yana injini za petroli za lita 2 zenye turbo.

Injini ni ile ile

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba anayechagua kati ya maumbo haya hachagui nguvu. Golf R ya mwaka 2015 ilikuwa na nguvu farasi 300 na ilivutwa na magurudumu yote manne, iwe ya mkia mfupi au mrefu. Hachibeki yenye gia otomatiki ilifikia kilomita 100 kwa saa katika sekunde 4.9, na stesheni wagoni katika sekunde 5.1. Tofauti hiyo ya sehemu mbili za kumi za sekunde inatokana na uzito, kwani mkia mrefu huongeza takriban kilo 80, sawa na abiria mmoja mzima.

Kwa hiyo muuzaji anayedai bei ya juu kwa kuwa gari lake "lina mbio zaidi" hana hoja ya kutosha. Hoja iliyopo ni ya nafasi, na nafasi hupimika.

Madumu 13 dhidi ya dumu moja

Buti ya Golf R hachibeki ina ujazo wa lita 343, na ya stesheni wagoni lita 605. Ziada ni lita 262, yaani nafasi ya madumu 13 ya lita 20. Viti vya nyuma vikilazwa, hachibeki hufikia lita 1,233 na stesheni wagoni lita 1,620.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Golf ya kawaida ya toleo hilo hilo, mkia mfupi, ina buti ya lita 380. Golf R imepungua kwa sababu difu ya magurudumu ya nyuma imechukua sehemu ya nafasi chini ya sakafu. Anayesoma takwimu za Golf ya kawaida na kununua Golf R atajikuta amepoteza lita 37 bila kujua.

Kwa upande wa Octavia vRS, hesabu inageuka kabisa. Hachibeki yake ina buti ya lita 590 na stesheni wagoni lita 610. Ziada ni lita 20 tu: dumu moja. Faida ya mkia mrefu huonekana zaidi viti vikilazwa, ambapo ujazo hupanda kutoka lita 1,580 hadi lita 1,740, na pia kwa mizigo mirefu kwenda juu ambayo kioo kilicholala cha hachibeki hakiiruhusu.

Hivyo basi, neno "stesheni wagoni" peke yake halimwambii mnunuzi chochote. Katika gari moja neno hilo lina thamani ya madumu 13, na katika jingine dumu moja. Aidha, buti ya Octavia ya mkia mfupi inakaribia kabisa buti ya Golf ya mkia mrefu. Mwenye mizigo anaweza kupata nafasi anayoitaka kwa kubadili aina ya gari badala ya kubadili umbo.

Hesabu ya gharama ya nafasi

Bei ya ziada anayolipa mnunuzi si gharama yenyewe. Gharama ni ile sehemu isiyorudi. Chukua mfano wa kufundishia: stesheni wagoni inauzwa pauni 1,200 zaidi ya hachibeki ya umri na kilomita zile zile, na mnunuzi atakaa nayo miaka minne.

Ikiwa siku ya kuuza stesheni wagoni bado itapata pauni 700 zaidi ya hachibeki, hasara ya tofauti ni pauni 500. Fedha zile 1,200 zingeweza kuwekwa mahali penye faida ya asilimia 5 kwa mwaka, na kwa miaka minne zingezaa pauni 240 bila kuhesabu faida juu ya faida. Ongeza pauni 40 kila mwaka kwa petroli na tairi kutokana na uzito, jumla pauni 160. Gharama yote ni pauni 900, au pauni 225 kwa mwaka.

Kama kukodi gari dogo la mizigo kwa siku ni pauni 60, safari tatu kwa mwaka zinagharimu pauni 180 na safari nne pauni 240. Jibu linapatikana hapo: mwenye safari za mizigo zisizozidi tatu kwa mwaka anunue hachibeki na kukodi siku anapohitaji, au afunge keria juu ya paa. Mwenye nne na zaidi, stesheni wagoni inajilipa.

Lakini hesabu hiyo imesimama juu ya nguzo moja, nayo ni bei ya kuuzia. Kama ile ziada ya pauni 700 itatoweka, gharama inapanda hadi pauni 400 kwa mwaka na zitahitajika safari saba. Kama ziada yote ya pauni 1,200 itabaki, gharama inashuka hadi pauni 100 kwa mwaka na safari mbili zinatosha. Mwenye mtaji mdogo afanye hesabu zote tatu kabla ya kufungua pochi, si ile inayompendeza tu.

Uchache si soko

Stesheni wagoni zenye mbio ni chache kuliko hachibeki, na wauzaji hupenda kulitaja hilo. Hata hivyo, bidhaa adimu si lazima iwe bidhaa inayotafutwa. Hachibeki zikiwa nyingi sokoni, bei yake inajulikana: mwenye kuuza anaona kumi za aina yake na kujua pa kusimama. Stesheni wagoni inafanana na hisa isiyouzwa kila siku. Mnunuzi sahihi akitokea, bei ni nzuri. Asipotokea, mwenye gari hupunguza bei wiki baada ya wiki, hasa akiwa na shida ya fedha.

Mfano unaotajwa sana ni Audi RS2 Avant ya miaka ya 1994 na 1995, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Porsche. Ilitoka kama stesheni wagoni, zilitengenezwa chini ya 3,000, na leo inasakwa na wakusanyaji. Lakini inasakwa kwa sababu ya historia yake: ilikuwa ya kwanza katika ukoo wa magari ya RS ya Audi. Haifai kutumiwa kama kipimo cha bei ya kila gari lenye mkia mrefu.

Gari hueleza lilikotoka

Ukaguzi nao unatofautiana. Katika stesheni wagoni, dalili za kutafuta ni zile za kazi: mikwaruzo kwenye kingo za buti, springi za nyuma zilizolegea, ndoano ya kuvutia tela, na harufu ya mbwa. Katika hachibeki, dalili ni za mwendo: injini iliyoongezwa nguvu, tairi zilizolika upande mmoja, breki zilizochoka mapema. Kwa maumbo yote mawili ya Golf R ya mwaka 2015 yenye gia otomatiki, ni muhimu kudai ushahidi kwamba mafuta ya gia yalibadilishwa kila kilomita 60,000. Asiye na karatasi hizo anauza mbuzi kwenye gunia.

Kwa wafanyabiashara wa Afrika Mashariki, suala hili lina uzito wake. Uingereza na Japani huendesha magari yenye usukani upande wa kulia, na kutoka huko magari yaliyotumika hushuka Mombasa na Dar es Salaam. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, na Tanzania huwatoza zaidi wenye magari ya zamani. Mwagizaji anayesubiri bei ishuke kule nje anaweza kukuta mlango umefungwa au kodi imemla faida.

Zaidi ya hapo kuna spea. Kutoka bampa ya mbele hadi viti vya mbele, Golf ya mkia mrefu na ya mkia mfupi ni ndugu. Nyuma wanatengana: taa, bampa, kioo na mlango wa buti havibadilishani. Ajali ndogo ya nyuma inaweza kuiweka stesheni wagoni adimu gereji kwa wiki kadhaa ikisubiri taa moja, na gari lililosimama halimlipi mtu.

Maswali matatu

Kwa kifupi, mnunuzi ajiulize: ziada ya buti ni lita ngapi katika gari hili hasa? Nitaijaza mara ngapi kwa mwaka? Na nani atainunua kwangu baadaye? Akikosa jibu la swali la tatu, achague umbo linalouzwa kwa wingi, hata kama jingine linamvutia.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Muuzaji hataubeba mzigo wa mnunuzi, wala hatakuwapo siku gari litakaporudi sokoni. Kipimo cha futi kumi na kalamu, vikitumika kabla ya kulipa, vinatosha kuokoa mtaji wa mwaka mzima.